Mjomba, nimeitwa Hispania kupika miezi 3 bila mshahara. Niende?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 29, na huu ni mwaka wa nne niko Dubai. Nilisomea upishi Arusha, nikafanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni Zanzibar, halafu nikapata mkataba wa huku. Mgahawa ninaofanyia kazi una nyota 1 ya Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa (nyota 3 ndiyo mwisho). Kwenye mkataba mimi ni msaidizi wa kitengo cha samaki. Ila mkuu wa kitengo alihama mwezi wa sita na hajaletwa mwingine, kwa hiyo tangu hapo kitengo nakiendesha mimi, na chini yangu yuko kijana mmoja Mfilipino.

Nyumbani hawaielewi kazi hii. Mama nikimtumia picha ya sahani anauliza, "Sasa hapo mtu anashiba?" Nami nacheka tu, maana nikianza kueleza tutakesha. Menyu ni moja kwa wageni wote, sahani 14, mtu anakaa mezani kama saa 3. Sahani yangu ni ya saba: kipande cha gramu 60 cha turbot, samaki bapa wa Ulaya, sosi, na vikorokoro vingine sita vinavyopangwa kwa kibanio, na vyote vimfikie mgeni vikiwa vya moto. Wageni 40 kwa usiku. Ili sahani hiyo itoke saa 3 usiku, mimi naingia saa 5 asubuhi: samaki wapasuliwe na kutolewa minofu, mifupa iende kwenye supu, njegere zivuliwe ngozi (ndiyo Mjomba, ile ngozi nyembamba, punje moja moja), kila kibakuli kibandikwe utepe wenye tarehe. Saa 10 jioni tunapumzika saa 1 na nusu, tunakula chakula cha wafanyakazi, wengine wanajilaza stoo juu ya magunia ya unga. Tunamaliza kusugua majiko saa 6 na nusu usiku. Siku 6 kwa wiki. Mshahara wa msingi ni dirham 2,400, posho 800, malazi ya pamoja. Kila mwezi natuma nyumbani 1,500, ada ya mdogo wangu na dawa za baba.

Sasa jambo lenyewe. Shefu wetu mkuu ana rafiki yake mwenye mgahawa wa nyota 3 huko Hispania. Amenisemea, na nimekubaliwa kwenda kujifunza kwa miezi 3. Malazi na chakula watatoa, mshahara hakuna, tiketi juu yangu. Shefu anasema niombe viza ya matembezi kwa kuwa ndiyo rahisi, na nikirudi atanipa ukuu wa kitengo. Anasema mashefu wakubwa wote walianza kwa kufanya kazi bure.

Lakini mtu huyu huyu hasira zake hazina breki. Mwezi wa nane alirusha sufuria kwa sababu sosi ilikatika, yaani mafuta yalijitenga. Haikunipiga, iligonga ukuta, ila mafuta ya kwenye stovu yalinirukia mkononi. Nilifungwa bandeji nikarudi kazini usiku ule ule. Kesho yake akaninunulia kahawa, yakaisha. Jingine ni kuonja. Sosi yangu inapikwa na divai nyeupe na mimi ni Muislamu. Naonja, natema, nasukutua, lakini moyo hautulii. Nilipomwambia, akasema shefu asiyeonja si shefu.

Na nina mchumba Tanga, fundi umeme. Yeye anasema nirudi kabla ya Ramadhani tufunge ndoa, hoteli za Zanzibar zitanigombania. Mkataba wangu unaisha Machi.

Niende, nibaki, au nirudi?

Binti wa Chumbageni, Dubai

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hispania usiende. Si kwa mpango huo. Jibu nimelitanguliza kwa sababu barua yako ina mengi, na sisi wapishi wastaafu tukianza kusimulia majiko hatujui kunyamaza. Ungeweza kufika mwisho ukawa bado unatafuta nilichosema.

Tuanze na viza, kwa kuwa hapo ndipo unapoweza kuumia vibaya zaidi. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na haikuruhusu kufanya kazi. Kuvua njegere ngozi kwenye jiko la biashara kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane ni kazi, hata kama mwenye jiko anaiita mafunzo. Wakija wakaguzi, yeye atatozwa faini na jioni atafungua mgahawa. Wewe utarudishwa na doa kwenye kumbukumbu za viza, ambazo nchi zote za Schengen zinazisoma kwa pamoja: ukichafua Madrid, Paris wanaona. Na ukikatwa kisu au ukiungua, bima ya mtalii itauliza ulikuwa unafanya nini jikoni. Shefu wako anaposema ni rahisi, anamaanisha rahisi kwake na kwa rafiki yake.

Mafunzo ya halali yapo. Kwa kawaida huko yanapitia makubaliano ya maandishi yanayohusisha chuo, yenye jina lako, saa zako, bima yako na jina la mtu anayekusimamia. San Sebastián, huko huko Hispania, kuna chuo cha Basque Culinary Center, kilichofunguliwa 2011, kinachofundisha upishi hadi kiwango cha shahada, na watu hukiendea kwa viza ya masomo. Rafiki wa shefu akikutaka kweli, aandike. Mwenye nyota 3 ana mhasibu na ana wakili, karatasi haimshindi.

Umenikumbusha Ali Sonko. Huyu ni mtu wa Gambia aliyekuwa mwosha vyombo wa Noma, mgahawa wa Copenhagen wa René Redzepi, tangu ulipofunguliwa 2003. Mwaka 2010 Noma ilitajwa kuwa mgahawa bora duniani, sherehe ikiwa London, na Sonko hakuweza kwenda kwa tatizo la viza. Wenzake wakapanda jukwaani wamevaa fulana zenye picha ya uso wake. Mapenzi makubwa hayo, na 2017 wakamfanya mmoja wa wamiliki. Lakini usiku ule wa London fulana haikumpandisha ndege. Watu wa pasipoti zetu hatuchezi na hati.

Sasa hilo la kwamba wakubwa wote walianza bure. Kweli lina ukweli. elBulli, mgahawa wa Ferran Adrià pale Roses, Catalonia, Hispania, kabla haijafungwa Julai 2011, ilikuwa kila msimu na wanafunzi zaidi ya 30 wasiolipwa, na bila mikono hiyo zile sahani nyingi zisingetoka. Noma nayo iliendeshwa hivyo miaka mingi. Ila shefu wako amekatiza hadithi kabla ya mwisho. Mwaka 2017 shefu wa Barcelona, Jordi Cruz, alipotetea hadharani utaratibu wa kutowalipa wanafunzi, Hispania nzima ilimjia juu. Oktoba 2022 Noma ilianza kuwalipa wanafunzi wake. Januari 2023 Redzepi akatangaza kwamba mgahawa ule kwa sura yake ya kawaida utafungwa, akisema waziwazi kwamba mtindo huo haubebeki, si kwa fedha wala kwa nafsi za watu. Yaani pale walipoanza kulipia jasho walilokuwa wakilipata bure, bei halisi ya zile sahani ikaonekana.

Na tuulize ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukaa Roses nusu mwaka bila mshahara. Ni yule ambaye baba yake anamtumia pesa. Wewe ndiye unayemtumia baba.

Hesabu yako iko hivi. Miezi 3 bila dirham 3,200 ni dirham 9,600, na tiketi bado. Nyumbani wanakosa 4,500 ndani ya miezi hiyo. Kwa gharama hiyo ungenunua nini? Wanafunzi wa muda kwenye jiko la nyota 3 hawapewi sosi. Wanapewa mimea ya kuchambua, kome wa kusugua, na zile njegere. Mwenye bahati anasogezwa wiki za mwisho kupanga sahani. Wewe leo una kitengo kizima mkononi, unapasua samaki, unapika supu ya mifupa, unatoa sahani 40 na unamfundisha kijana. Utatoka kwenye uongozi wa jiko la samaki uende kuvua njegere ngozi, halafu ukirudi uzawadiwe cheo ambacho kazi yake umeshaifanya tangu Juni? Hapo, mpwa wangu, nilisoma barua yako mara ya pili nikaiweka chini.

Ukuu wa kitengo si zawadi ya kwenda Hispania na kurudi. Ni deni. Liombe sasa.

Usiliombe kwa malalamiko. Mashefu wanaheshimu karatasi yenye namba, kwa sababu maisha yao yote ya nyuma ya pazia ni namba. Wageni hudhani shefu mkuu anashinda anapika, kumbe nusu ya siku yake ni ankara za samaki, ratiba za zamu na hesabu ya kilichotupwa. Mwandikie ukurasa mmoja: tangu Juni unaongoza kitengo, sahani ngapi zimerudishwa (natumaini ni chache), samaki kiasi gani wanaharibika sasa ukilinganisha na alipokuwepo yule mkuu, kijana wako ameshajua nini. Kama takwimu hizo huna, anza kuzikusanya kesho. Turbot mmoja ana mifupa mingi na bei kali. Atakayeonyesha kwamba chini ya mkono wake kila samaki anatoa vipande viwili zaidi, huyo amejiongezea mshahara kabla hajafungua mdomo.

Pembeni ya hapo, jua haki yako, hata kama hutaitumia mara moja. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ziada isizidi saa 2 kwa siku, na jumla yote isizidi saa 144 ndani ya wiki 3. Kwa ulivyoeleza, ukitoa mapumziko unafanya saa 12, mara siku 6: saa 72 kwa wiki, saa 216 kwa wiki 3. Saa ya ziada hulipwa mshahara wa msingi na nyongeza ya asilimia 25 (kuanzia saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri ni asilimia 50, ingawa kazi za zamu hazimo kwenye hiyo ya usiku). Msingi wako wa 2,400 ukigawanywa kwa siku 30 na saa 8 ni dirham 10 kwa saa. Pamoja na robo yake, 12.50. Saa 24 za ziada ni dirham 300 kila wiki. Wiki 4 ni 1,200, nusu ya mshahara wako wa msingi, unayoiacha jikoni kila mwezi. Sikuambii ukimbilie wizarani kesho. Nakuambia uwe na daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Piga picha ratiba ya zamu kila inapobandikwa. Siku ya kuzungumza, hata kama mazungumzo ni ya upole, mwenye daftari ndiye anayesikilizwa.

Kiinua mgongo pia. Ukimaliza miaka 4 unastahili mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka. Siku moja yako ni dirham 80, siku 21 ni 1,680, miaka 4 ni 6,720. Posho haimo, ndiyo maana waajiri wanapenda msingi uwe mdogo. Ukipewa mkataba mpya, gombana na tarakimu ya msingi kabla ya kitu kingine chochote. Na siku za likizo isiyo na malipo hazihesabiwi kwenye utumishi wako, kwa hiyo hata ile miezi 3 ya Hispania ingekupunguzia hapa.

Haya, sufuria.

Wapo watakaokuambia jiko la kiwango cha juu ndivyo lilivyo, ni jeshi, ukishindwa na moto ondoka. Mfumo huo wa vitengo na vyeo kweli una asili ya kijeshi. Aliyeupanga ni Auguste Escoffier, Mfaransa aliyetumika na jeshi katika vita vya 1870, kisha akaendesha jiko la hoteli ya Savoy, London, kuanzia 1890. Kabla yake mpishi mmoja alikuwa akihangaika na sahani nzima peke yake; yeye akagawa kazi: huyu samaki, huyu sosi, huyu nyama ya kuchoma. Unapoitika "Ndiyo, Shefu!" unaitikia utaratibu wake. Lakini Escoffier huyo huyo alipiga marufuku pombe na matusi jikoni, akawawekea wapishi kinywaji cha shayiri cha kukata kiu, na anakumbukwa kuwa akikasirika alikuwa anatoka nje hadi hasira ipoe. Wanaorusha vyombo wamechukua gwaride lake wakaiacha adabu.

Ninajua hasira hiyo inatoka wapi, na kidogo namhurumia shefu wako. Michelin walianza kama kampuni ya matairi wakigawa kitabu cha madereva mwaka 1900, nyota zikaja 1926, na leo kitabu hicho kinawanyima watu usingizi. Kwenu Dubai kiliingia 2022. Mwaka 2025 Trèsind Studio na FZN zikapewa nyota 3, za kwanza katika mji huo, na naamini kila shefu mwenye nyota 1 hapo aliamka asubuhi yake akiwa na jambo la kuthibitisha. Mkaguzi haji na kitambulisho shingoni. Anaweza kuwa mgeni yeyote kati ya wale 40. Sébastien Bras wa Laguiole, Ufaransa, aliyekuwa na nyota 3, mwaka 2017 aliwaomba wamwondoe kabisa kitabuni kwa sababu alichoka kuwaza kwamba kila sahani inayotoka huenda ndiyo inayopimwa. Aliomba kuondolewa kitabuni. Hakurusha sufuria.

Kwa hiyo mara nyingine isiishie kwenye kahawa. Tukio la Agosti liandike kwenye daftari lile lile, tarehe, saa, nani alikuwepo, na upige picha ya kovu. Jeraha la kazini matibabu yake ni juu ya mwajiri, na lingepaswa kuandikishwa siku hiyo hiyo. Mahali pale pana ofisi ya rasilimali watu kwa sababu mgahawa wa namna hiyo mara nyingi uko ndani ya hoteli au chini ya kampuni kubwa; wapelekee taarifa fupi ya maandishi, bila sifa mbaya, ukweli mtupu. Akirusha tena, huo si mgahawa wa kuongezea mkataba, hata wakikupa cheo. Na kama mkono unavuta ngozi au umekufa ganzi, nenda hospitali wiki hii. Bima ya afya Dubai ni ya lazima, wanayo ya kwako.

Kuonja. Hapa mimi si mufti, na swali la kuonja na kutema mpelekee mwenye elimu unayemwamini, umweleze kazi ilivyo, hadi kiasi cha divai na muda inaochemka. Ninachoweza kusema ni cha jikoni. Wapishi Waislamu wamefika mbali kwenye majiko haya, na wana njia zao. Sosi inapimwa kwa gramu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kiasi kwamba ladha haiwezi kukimbia mbali. Chumvi na siki huonjwa kwenye supu kabla divai haijaingia. Mwenzako asiye Muislamu anaonja ya mwisho na kukuambia "chumvi kidogo" au "tindikali", na kijana wako Mfilipino atajifunza ulimi kwa njia hiyo. Baadhi ya majiko wanaweka maji ya zabibu mbichi mahali pa divai, yana ule uchachu bila kileo, na kwenye siagi yanakaa vizuri sana. Pika hiyo, siku isiyo na wageni wengi, uiweke mbele ya shefu bila kumwambia, aonje. Akiipenda, tatizo limekwisha na sahani ni yako. Akiikataa, omba kitengo kingine, lakini usiombe kwa aibu.

Nikufikishe nyumbani sasa. Mchumba wako ana nusu ya haki. Hoteli zitakuhitaji, ila sidhani zitakugombania kwa sababu ya nyota. Kwanza nyota ni ya mgahawa, si ya mpishi. Ukitoka inabaki mlangoni. Pili, Michelin hawana kitabu cha Afrika Mashariki, na mwenye hoteli ya Nungwi au Paje hatakuuliza habari za turbot. Atakuuliza kama unaweza kuweka gharama ya chakula isipite thuluthi moja ya bei ya kuuzia, utafanya nini umeme ukikatika na friji imejaa kamba, na nani atakuletea changu na kolekole siku ambayo bahari imechafuka na soko la samaki la Malindi, Unguja, halina kitu. Hayo yanajibiwa na mtu aliyewahi kuongoza kitengo, akaagiza mali, akasaini ankara. Ndiyo maana nakusukuma uuchukue ukuu huo kwa jina na kwa mshahara, hata kama ni kwa mwaka mmoja. Barua ya utumishi inayosema "mkuu wa kitengo cha samaki" ina uzito kwenye meza ya meneja wa Zanzibar kuliko picha yako ukiwa na shefu wa Hispania.

Wala usiamini kwamba njia ya juu ni moja tu. Adejoké Bakare, mama wa Kinigeria aliyejifunza upishi mwenyewe, alianza na kajimgahawa Brixton, London, na mgahawa wake Chishuru ukapata nyota 2024, kwa vyakula vya Afrika Magharibi. Hakupitia kuvua njegere za mtu. Nikifikiria alichokifanya kwa vyakula vya kwao, najiuliza binti wa Tanga aliyekulia na samaki wa kupaka na mchuzi wa ukwaju angefanya nini na kibanio mkononi. (Kwetu jambo la ajabu ni hili: jiko la bibi wote ni wanawake, ila jiko likianza kulipa mshahara linajaa wanaume. Nimekaa humo maisha yangu yote na bado sijalizoea.)

Kuhusu ndoa sitasema mengi, hayo ni yenu. Ila mchumba wako asidhani ukirudi Zanzibar utakuwa nyumbani saa 12 jioni. Mpishi wa hoteli anafanya kazi Idi, Krismasi, mwaka mpya na kila Jumamosi ambayo watu wanaoa. Msimu wa watalii ukipamba moto Desemba, mumeo atakuona usingizini. Mweleze hilo kabla ya ndoa, kwa saa na siku, kama ulivyonieleza mimi. Fundi umeme anajua kuitwa usiku, huenda akaelewa haraka kuliko unavyofikiri. Na Tanga kwenda Unguja si mbali, lakini bado ni bahari kati yenu. Muulize kama yuko tayari kuhama, kwa sababu hoteli ndizo zenye mafundi umeme wa kudumu.

Kwa huyo rafiki wa Hispania, mwandikie wewe mwenyewe, usimpitishie shefu. Mshukuru, mwambie ungependa kuja mwaka kesho kwa makubaliano ya maandishi, viza inayoruhusu mafunzo, bima na posho ya kujikimu, na umuulize utakaa kitengo gani kwa wiki ngapi. Akijibu kwa kina, mtunze. Akinyamaza, umejua.

Ile barua ya cheo usiingoje Machi. Msimu wa Dubai unapanda kuanzia Novemba, na Desemba meza hazipatikani. Ipeleke wiki ya kwanza ya Novemba, asubuhi, kabla samaki hawajafika, ukiwa umevaa koti safi. Taja tarakimu moja ya mshahara wa msingi, iliyo juu kidogo ya unayoitaka, kisha unyamaze. Hakuna shefu anayetaka kutafuta mtu wa samaki mwezi wa Desemba.

Mjomba